Mvuvi wa Gredi ya 8

Leo Apul-Apul, lile zimwi la hadithi zetu, tumwache alale, wajukuu wangu. Nawasimulia zimwi lisilo na meno: lile wazo la "niache shule".

Kuna mvulana wa gredi ya 8 hapa Dunga, ukingoni mwa Kisumu. Simpi jina; wa namna yake mnawajua. Usiku wa giza, mwezi usipotoka, huingia ziwani na mjomba wake. Taa huwashwa, omena hufuata mwanga, wavu huvutwa. Alfajiri akina mama wa bichi hununua, naye hutiwa chake mkononi. "Wewe sasa ni mvuvi," mjomba humwambia. Baadaye yuko darasani, macho mazito, na daftari la hesabu linarudi limejaa alama nyekundu.

Wakubwa husema kinachomvuta ni pesa. Kweli, lakini nusu tu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya "kazi hii naiweza" hujengwa hasa na kufanya jambo likakubali. Hujengwa pia na kumwona mwenzako akifaulu, na neno la mtu unayemheshimu, na hali ya mwili wako. Basi hesabuni wenyewe: samaki wamepatikana, vijana wenzake wanavua, mjomba amemsifu, mwili u macho. Shuleni anafeli, anasinzia, anachekwa. Yote manne yako upande wa ziwa!

Kujithamini ni jambo jingine: kujiona mtu wa maana hata siku uliyofeli. Anayejithamini husema, "Hesabu za sehemu sijazielewa." Asiyejithamini husema, "Mimi mjinga," na mjinga akae darasani afanye nini?

Sisemi kwamba wote huondoka kwa sababu hiyo. Njaa ipo, sare zinauzwa, mimba zinatokea. Serikali ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na tangu 1994 sera inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Lakini mlango ukifunguliwa, bado miguu ndiyo huamua, na aliyezoea kuitwa mzito hujipitia zake.

Tena kuna waliojiamini kupita kiasi wakatoka vilevile. Barack Obama Mkubwa, baba wa yule aliyekuwa rais wa Marekani, alisoma Maseno, karibu tu na hapa, akaondoka mwaka 1953 bila kumaliza. Huyo hakuna aliyemwona mnyonge! Baadaye alimalizia masomo kwa posta. Wanawake wawili Wamarekani waliokuwa Nairobi wakamsaidia kutafuta nafasi ng'ambo, na mwaka 1959 akafika Chuo Kikuu cha Hawaii.

Mtu mwenye kifua kama chake alihitaji wa kumshika mkono. Mvulana wa Dunga anamhitaji zaidi: mwalimu wa kukaa naye baada ya kengele, wakaanza na hesabu za gredi ya 5, zile atakazozipata.