Sura ya Sita: Mota Iliyoundwa Itikisike

Mota ya kawaida ikianza kutikisika, fundi huizima akauliza kuna nini. Vaibreta ikiacha kutikisika ndipo huulizwa kuna nini. Kinyume hicho kimewaponza mafundi umeme wengi ambao kwenye pampu na feni huna cha kuwafundisha. Wanaifunga vaibreta kama wanavyofunga pampu, inadumu miezi michache, kisha lawama inakwenda kwa aliyeiunda, kwa umeme mdogo au kwa shetani. Nimeiandika sura hii kwa sababu ya lawama hizo. Vaibreta haifi hivi hivi. Mara nyingi inauawa na kile ilichofungiwa.

Nimeigawa sura katika hatua nne: kuchagua, kufunga, kuunganisha umeme na kutunza. Ninazungumzia zile mota zinazofungwa ubavuni mwa hopa za saruji na pumba, na juu ya machekeche ya kokoto. Ile ya kuchomeka kwenye zege mbichi ina sura yake.

Kuchagua

Ndani ya vaibreta hakuna siri. Ni mota ya fezi tatu yenye vipande vya chuma kwenye ncha zote mbili za shafti, vilivyoelemea upande mmoja. Tuseme vipande hivyo vina jumla ya kilo 5, na uzito wao umekaa sentimita 4 kutoka katikati ya shafti. Kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika vinavuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 4,900, sawa na mzigo wa nusu tani, na mvuto huo unazunguka mara 25 kila sekunde. Katika zamu ya saa nane ni mizunguko 720,000. Beringi ndizo zinazobeba yote hayo.

Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Hapa ndipo mtindo wa siku hizi unapoleta hasara. Kila meneja anataka inveta, na akishaipata anashauriwa apandishe masafa kutoka hezi 50 hadi 60 ili mzigo ushuke vizuri. Anadhani ameongeza asilimia 20 tu. Kwa kweli nguvu imepanda kwa asilimia 44, na kwa hesabu ya kawaida ya beringi za rola, mzigo huo pamoja na mwendo mpya unaacha takriban robo ya saa zilizotarajiwa. Inveta ni kifaa kizuri sana cha kushusha mwendo. Ukitaka kuupandisha, punguza kwanza uzito wa vipande, na vya ncha hii viwe sawasawa na vya ncha ile, kwa pembe ileile.

Ipo pia imani kwamba mtikisiko ukizidi ndio bora. Ukitikisa hopa huku mlango wa chini umefungwa, saruji haishuki. Inashindiliwa, na kesho yake vijana wanapanda na nondo kuipigapiga. Vaibreta iwake mlango ukiwa wazi na izime mlango unapofungwa. Unganisha swichi ya mlango na mota, usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Kufunga

Bati la hopa lenye unene wa milimita 4 au 6 halikuundwa kubeba vaibreta. Ukiifunga moja kwa moja juu yake, bati linapepea na kupasuka. Panahitajika chaneli ya chuma inayofuata urefu wa ukuta, kisha bamba nene juu ya chaneli. Mishono ichomelewe kwa vipandevipande, nayo isifike mwisho wa chaneli; acha sentimita 2 au 3 kila ncha, maana kona ndiko ufa unakozaliwa. Vaibreta iondolewe kabla ya kuchomelea. Mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye beringi unaacha vidonda vidogo ambavyo vitaonekana baadaye, mchomeleaji akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Uso wa bamba uwe bapa, na pengo chini ya mguu wa mota lisizidi robo ya milimita. Bolti ikivuta mguu uliokaa juu ya pengo, mguu unapinda na siku moja unakatika. Kwangua rangi. Wala usitie mpira katikati kwa nia ya kuilinda mota, kwa sababu mpira unabonyea na bolti inabaki bila kazi.

Sasa tuje kwenye springi washa, ambayo mafundi wanaitetea kama mirathi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa bolti hulegea zaidi pale vipande inavyovishika vinapoteleza kwa upande kuliko pale vinapovutwa kwa urefu wa bolti. Kinga yake ni kukaza hadi visiweze kuteleza. Na springi washa, bolti ikishakazwa kwa nguvu inayotakiwa, imelala bapa. Springi haipo tena, umebaki mduara wa chuma wenye mpasuko. Tumia bolti za daraja la 8.8, washa bapa ngumu, nati za kujifunga na spana yenye kipimo. Kagua ukazaji baada ya robo saa ya kwanza ya kazi, kisha baada ya siku nzima. Nati ya kujifunga iliyokwisha kufunguliwa itupwe.

Bolti inayolegea hujitangaza mapema. Futa miguu ya mota ibaki safi, rudi baada ya siku chache uinamishe tochi. Ukikuta unga wa kahawia, laini kama ugoro, umetoka chini ya washa, usidhani ni vumbi la kiwanda. Ni chuma kinachosagana na kushika kutu papo hapo.

Mwisho, funga kamba ya waya ya usalama kutoka kwenye mota hadi sehemu nyingine imara ya muundo. Ukiifunga kwenye bamba lilelile, bamba likibanduka vyote vitashuka pamoja.

Kuunganisha umeme

Tumia waya mnyumbufu wenye ganda la mpira; ule mgumu wa ukutani hauna kazi hapa. Uachie kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia kwenye mota, ili maji yadondokee hapo na waya upate pa kuchezea. Waya huo usiguse chuma popote. Upime waya wa ethi mara kwa mara: ukikatika ndani kwa ndani, mota itaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, hadi siku chuma kitakapomshika mtu. Na kila mota iwe na ovalodi yake.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobishiwa kuliko zote, kwa hiyo mpango wa sura na usubiri kidogo.

Chekeche la kokoto aghalabu huwa na vaibreta mbili zinazozunguka kinyume. Hakuna gia wala mnyororo kati yao. Hata hivyo, sekunde chache baada ya kuwashwa zinaoana: misukumo ya ubavuni inafutana, ya mbele na nyuma inajumlishwa, na chekeche linakwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1665 Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa kitandani mjini The Hague, aliona saa mbili za pendula zilizotundikwa kwenye mhimili mmoja zikioana, moja ikienda kulia nyingine kushoto. Akizivuruga, zilirudiana ndani ya nusu saa. Mhimili ndio uliopeleka habari baina yao. Kwenye chekeche, kazi hiyo inafanywa na fremu.

Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Kisovyeti Iliya Blekhman alilijengea jambo hili nadharia. Humo mna neno ambalo kila fundi angepaswa kulijua: mota mbili zikishaoana, moja inaweza kukatikiwa umeme na bado ikaendelea kuzungushwa na mtikisiko wa mwenzake.

Kwenye machimbo fulani upande wa Lugoba, mkoani Pwani, nilioneshwa chekeche lililokuwa likiunguza mota ya kulia tu. Kila mpya iliyofungwa pale iliungua. Wafanyakazi walishasema eneo lina mwenyewe, mbuzi alishachinjwa, na mwenye machimbo alishauziwa kisanduku cha "kuokoa umeme" chenye taa ya kijani, ambacho aliyeokolewa nacho ni muuzaji peke yake. Kwa macho, shafti zote mbili zilizunguka. Tukabana waya kwa klampu mita chekeche likifanya kazi. Kulia mkondo ulipita kiwango. Kushoto haukupita kabisa. Waya wa kushoto ulifungwa bila kitanzi, na fezi mbili zilikuwa zimekatika ndani ya ganda. Chekeche likitulia ncha ziligusana, ndiyo maana kila aliyepima likiwa limezimwa alikuta waya mzima. Likishawaka na kushika kasi ziliachana, na mota ya kushoto ikawa abiria. Ovalodi ilikuwa moja kwa mota zote mbili, imepangwa kwa jumla ya mikondo yao, hivyo yenyewe haikuona tatizo lolote.

Sina ugomvi na imani ya mtu. Ila shetani anayechagua mota ya kulia na kuisaza ya kushoto apimwe kwanza kwa klampu mita. Kilichobadilishwa siku ile ni waya. Kisha kila mota ikapewa ovalodi yake, moja ikikata zote zizime.

Kutunza

Nafasi imebaki ndogo, na hapa haidhuru, kwa kuwa madhara mengi ya utunzaji hutokana na kuzidisha. Grisi nyingi huchemsha beringi, na grisi za aina mbili zisichanganywe. Vaibreta nyingi ndogo huja na grisi ya maisha yao yote, ziacheni. Vumbi lifutwe, maana huzuia joto kutoka. Kwenye vinu vya unga vumbi lenyewe linaweza kulipuka, na huko hufungwa mota zilizoidhinishwa kwa mazingira hayo tu. Vifuniko vya vipande vya uzito virudishwe kabla ya kuwasha, hata kama ni kwa kujaribu dakika moja.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu, weka kufuli lako, ufunguo utie mfukoni mwako, pima kuhakikisha umeme haupo, kisha subiri shafti isimame. Chekeche linapozimwa huruka kwa fujo kidogo mwendo unaposhuka kupita mtikiso wa asili wa springi zake. Ni kawaida, lakini kaa mbali. Usimweke mtu alinde swichi badala ya kufuli, hata awe ndugu yako wa damu.

Na wewe fundi, mota ya pili ikiungua mahali palepale, usiagize ya tatu. Pima kwanza ubapa wa bamba, ukazaji wa bolti, na mkondo wa kila mota mashine ikiwa kazini. Vipimo hivyo vitatu ni bei nafuu kuliko mota mpya.