Teja Naye Alikuwa Mtoto

Huku Mbegani na Bagamoyo wapo vijana wanaovuta heroini. Tunawaita mateja. Wengi tunawacheka. Lakini tujiulize: shida yao ilianza lini?

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walieleza waliyoyaona. Mtu aliyepigwa, kutukanwa au kunajisiwa utotoni hunaswa upesi zaidi na pombe na dawa za kulevya. Mtoto asiyetulia, asiyeweza kusikiliza kwa muda, naye yumo hatarini. Pengine si ukaidi, bali ni ugonjwa. Fimbo haiuponyi.

Wazazi, tuwasikilize watoto wetu. Teja naye tumpeleke hospitali. Tangu mwaka 2011 Muhimbili hutoa dawa ya methadoni. Dawa hiyo huzuia arosto. Tusimcheke. Tumsaidie.