Mtumiaji wa Mwisho ni Nani? Sera za Ugawaji wa Anwani za Intaneti

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapopewa nyaraka za intaneti, mara nyingi hukwama kwenye istilahi "mtumiaji wa mwisho". Katika makala haya tutajaribu kumweleza ni nani, kwani asipofahamika, sera zinazomhusu nazo hazitafahamika.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki katika kisiwa cha Chisenga, Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia. Kwa simu yake huulizia bei katika soko la Kashikishi na kupokea malipo. Simu au tarakilishi yoyote inayoingia kwenye intaneti huhitaji anwani, yaani mfululizo wa tarakimu unaoonyesha data ipelekwe wapi. Mchuuzi huyu hakuiomba anwani hiyo, wala haijui. Hupewa na kampuni ya simu, na kampuni hupata anwani zake kutoka AFRINIC, shirika la usajili wa anwani barani Afrika, lenye makao yake Ebene, Mauritius, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Basi mchuuzi ni "wa mwisho" kwa kuwa yuko mwisho wa mnyororo huo.

Tatizo ni uhaba. Anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3 dunia nzima, na hazina kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. AFRINIC nayo iliingia katika awamu ya mwisho ya kubana ugawaji Januari 2020, ambapo ombi moja halipati zaidi ya anwani 1,024. Kwa sababu hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja akifanya hila na tovuti ikaifungia anwani hiyo, wenzake wote hufungiwa pamoja naye.

Uhaba huleta pia ugomvi. Kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli, ilipewa anwani zaidi ya milioni 6 kati ya mwaka 2013 na 2016. Mwaka 2021 AFRINIC ilitaka kuzirudisha, ikidai kwamba matumizi yake hayakulingana na maombi. Kampuni ilipinga na kwenda mahakamani Mauritius. Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa muda. Baadaye bodi ilikosa akidi, na Septemba 2023 mahakama iliteua msimamizi. Bodi mpya ilichaguliwa Septemba 2025.

Wahenga walisema, fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Anwani zikirudishwa ghafla, wanaozitumia hukatika hata kama hawakukosa lolote. Zikiachwa mikononi mwa asiyezistahili, wengine hukosa. Mkataba ni kati ya AFRINIC na mwanachama wake. Mchuuzi wetu si mhusika. Kwa hiyo sera inayomjali ingetaka mambo matatu: notisi na muda wa kutosha kuhamia anwani nyingine, kumbukumbu sahihi za nani anatumia nini, na uhakika kwamba daftari la usajili litaendelea kufanya kazi hata shirika likiyumba. Anwani za toleo la sita, ambazo ni nyingi mno, zingepunguza ugomvi wenyewe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sera za AFRINIC hutofautisha anwani anazopewa mtoa huduma ili awagawie wengine na zile anazopewa mtumiaji kwa matumizi yake. Sisi huziita zote "kugawa", na tofauti hupotea. Napendekeza "kutenga" kwa hatua ya kwanza na "kukabidhi" kwa ya pili. Aliyetengewa ana wajibu kwa walio nyuma yake. Aliyekabidhiwa ndiye wa kulindwa.

Utaratibu wa kutunga sera hizi uko wazi: mtu yeyote anaweza kutoa pendekezo au kulijadili. Lakini mjadala huendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Tusipozitafsiri kwa usahihi, aliye mwisho wa mnyororo atabaki wa kwanza kuumia na wa mwisho kuulizwa.