Taa ya Chumbe

Watoto wa Katoyi, usiku mnaona taa za wavuvi wa sambaza ziwani Kivu. Taa hizo huita samaki. Lakini iko taa nyingine: kazi yake ni kuonya watu.

Chumbe ni kisiwa kidogo baharini, kusini ya mji wa Unguja. Kando yake iko miamba. Maji yakijaa, miamba haionekani, na chombo kikiigonga hupasuka. Kwa hiyo mwaka 1904 Waingereza walijenga hapo mnara wa taa. Kwa nini mnara mrefu? Kwa sababu dunia ni mviringo. Taa iliyo chini hufichwa na mgongo wa bahari. Iliyo juu huonekana mbali.

Mwaka 1926 mnara uliwekewa taa ya gesi. Bwana Gustaf Dalén, mtu wa Uswidi, ndiye aliyetengeneza taa za gesi za kujiwasha zenyewe. Ndani yake aliweka ufito mweusi. Mchana, mwanga huupasha joto; ufito hurefuka, huziba gesi, na taa huzimika. Usiku hupoa, hufupika, gesi hupita, na taa huwaka.

Mwaka 1912 gesi ilimlipukia Dalén, akapofuka. Hata hivyo hakuacha kazi mpaka alipokufa mwaka 1937. Mabaharia wengi waliona njia kwa taa zake, naye mwenyewe hakuziona tena.

Maswali
1. Kwa nini mnara wa taa ni mrefu?
2. Ufito mweusi hufanya nini mchana? Na usiku?