Kamati iliitosa Florida State, usiku huu Alabama ndiyo inajibu

WATU 13 walikaa kikao Desemba 3 wakaamua kwamba Florida State, timu iliyoshinda mechi zake zote 13 na kubeba ubingwa wa ligi ya ACC, haina nafasi nusu fainali. Nafasi hiyo wakapewa Alabama, waliokuwa wamefungwa mechi moja. Tangu siku hiyo mashabiki wa futiboli ya vyuo kule Marekani hawajanyamaza, na leo Jumatatu, sikukuu ya Mwaka Mpya, ndiyo siku ya kuona kama kamati ilijua inachofanya.

Kwa msomaji aliyezoea Simba na Yanga, mambo yako hivi. Vyuo vya Marekani vina timu nyingi kiasi kwamba hakuna namna zote zikutane. Kila moja inacheza kwenye ligi ya kanda yake, kisha mwisho wa msimu zile zilizofanya vizuri zinaalikwa kwenye mechi moja moja zinazoitwa 'bowl', yaani bakuli. Jina limetokana na umbo la viwanja vyenyewe. Kuanzia 2014 hadi msimu huu wa 2023, bowl mbili kila mwaka ziligeuzwa nusu fainali, na kamati ndiyo iliyochagua timu nne za kucheza. Hakuna kufuzu kwa pointi. Unachaguliwa.

Hapo ndipo Florida State walipoumia. Kwotabeki wao Jordan Travis, mtu anayepanga mashambulizi na kurusha pasi, alivunjika mguu Novemba 18. Timu ikaendelea kushinda bila yeye, ikaichapa Louisville 16-6 kwenye fainali ya ACC, lakini kamati ikasema bila Travis hii siyo timu ileile. Haijawahi kutokea tangu mfumo huu uanze: bingwa wa ligi kubwa asiyefungwa kuachwa nje.

Juzi Jumamosi wakapelekwa Orange Bowl kucheza na Georgia. Wakapigwa 63-3. Waliokuwa upande wa kamati wakashangilia, mnaona sasa! Mimi sikubaliani nao. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakuwepo. Wengine majeruhi, wengine wanahama chuo, wengine wanatunza miguu yao kwa ajili ya kuchaguliwa NFL. Ukimnyima mtu kombe halafu ukamwambia acheze mechi ya kufurahisha watu, usishangae akituma wadogo zake.

Kwa hiyo jibu halikuwa Miami. Liko Pasadena, California, kwenye Rose Bowl, saa 7:00 usiku wa kuamkia kesho kwa saa za hapa, Michigan dhidi ya Alabama.

Rose Bowl ni mama wa bowl zote. Mechi ya kwanza ilichezwa 1902, na Michigan hawahawa waliifunga Stanford 49-0. Safari hii wanaingia wakiwa na ushindi wa mechi 13 kati ya 13, na ukuta ambao umeruhusu wastani usiofika pointi 10 kwa mchezo, bora kuliko wote nchini. Mbele wana Blake Corum, mkimbiaji mfupi aliyeshiba, mwenye tachidauni 24 za kukimbia msimu huu. Ukimkosa yeye, kuna J.J. McCarthy anarusha.

Shida yao ni kwamba hapa ndipo wanapofia. Miaka miwili mfululizo wamefika nusu fainali na kutolewa, kwanza na Georgia kwa 34-11, kisha na TCU 51-45 kwenye mechi ambayo kila mtu alijua wangeshinda. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1997. Na msimu wenyewe umekuwa wa kelele: kocha Jim Harbaugh amekosa mechi sita kwa adhabu, tatu za mwanzo kwa mambo ya usajili na tatu za mwisho baada ya kashfa ya kunasa ishara za makocha wapinzani. Mashabiki wa timu nyingine wanawaita wezi waziwazi. Vijana wameamua kujibu uwanjani, ila mlinzi wao muhimu wa mstari wa mbele, Zak Zinter, alivunjika mguu kwenye mechi na Ohio State. Pengo lake litaonekana.

Upande wa pili yuko Nick Saban. Mzee ana mataji saba ya taifa, sita akiwa na Alabama, na katika nusu fainali saba alizocheza chini ya mfumo huu amepoteza moja tu. Lakini timu yake ya mwaka huu siyo ile ya kutisha tangu Septemba. Walifungwa nyumbani na Texas 34-24, wiki iliyofuata kwotabeki Jalen Milroe akawekwa benchi. Alirudi akiwa mtu mwingine. Dhidi ya Auburn walikuwa wameshakufa: jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 za kwenda, wako nyuma. Milroe akaupiga mpira hadi kona kabisa, Isaiah Bond akaudaka, saa ikiwa imebaki na sekunde 32. Wakashinda 27-24. Wiki moja baadaye wakaisimamisha Georgia iliyokuwa imeshinda mechi 29 mfululizo, tena kwa 27-24 hiyohiyo.

Alabama wakifungwa vibaya usiku huu, huko Florida State watalia upya. Wakishinda, kamati italala usingizi.

Nusu fainali ya pili ni Sugar Bowl mjini New Orleans, saa 10:45 alfajiri, Washington na Texas. Hii ndiyo ninayoisubiri zaidi, kwa sababu ya Michael Penix Jr. Akiwa Indiana misimu yake minne yote iliishia hospitali, mara mbili goti, mara mbili bega. Akahamia Washington, na msimu huu amerusha zaidi ya yadi 4,200, hakuna aliyemfikia. Tuzo ya Heisman, ambayo kwao ni kama Ballon d'Or, akaikosa kwa kushika nafasi ya pili.

Texas wana majitu mawili katikati ya ulinzi, T'Vondre Sweat na Byron Murphy, kukimbia pale ni kazi bure. Ila huko nyuma kunapitika kwa pasi, na pasi ndiyo biashara ya Penix na mdakaji wake Rome Odunze. Kocha wa Texas, Steve Sarkisian, aliwahi kuifundisha Washington, na mwaka mmoja uliopita timu hizi zilikutana Alamo Bowl, Washington wakashinda 27-20. Bado wengi wanaipa Texas. Washington hawajafungwa msimu mzima na wanatendewa kama wageni!

Bowl nyingine za leo ni za mapema, kwa asiyeweza kukesha. Saa 2:00 usiku LSU wanacheza na Wisconsin bila Jayden Daniels, aliyemshinda Penix kwenye Heisman na sasa anajiandaa na NFL. Saa 3:00 kuna Oregon na Liberty, na muda huohuo Iowa na Tennessee. Iowa hawajui kushambulia, lakini mtazame mpigaji wao Tory Taylor kutoka Australia. Mguu wake peke yake umewabakiza kwenye mechi kibao, na mtu wa soka atamwelewa haraka kuliko Mmarekani.

Mfumo wa timu nne unaishia msimu huu. Ujao zitaingia 12, kwa hiyo bingwa wa ligi kubwa asiyefungwa hataachwa tena kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Florida State wamechelewa mwaka mmoja tu.

Washindi wa usiku huu watakutana Houston Januari 8. Mimi naiona Washington pale, Penix akiwa na pasi ndefu mbili tatu. Kwa Michigan na Alabama itaamuliwa na tachidauni moja, na kwa mechi ya namna hiyo mkononi mwa Saban, siweki hela yangu popote.