Je, Wajua? Land Rover ya Zamani Huoza Kuanzia Miguuni

Bodi ya Land Rover za zamani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, ni ya aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kiliadimika Uingereza baada ya vita. Hata hivyo magari haya huoza. Chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria pia, pamoja na pale dereva anapoweka miguu. Maji yakikaa kati ya chuma na alumini, alumini nayo huliwa na kuacha unga mweupe.

Huko Kibua, mashariki mwa Kongo, kwenye milima na misitu ya Masisi na Walikale, mvua haingoji gari likauke. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na vifuniko vya hewa vilivyo chini yake, kisha hujificha chini ya zulia. Mvujo hutafutwa kwa kumwaga maji polepole kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Bati lililooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, ndipo jipya huchomelewa. Kiraka juu ya kutu ni kazi bure: kutu huendelea kula chini yake.