Mwani wa dizeli: kazi iko katika kuyatoa mafuta

Teksi za abiria zinazopita Hillbrow, mtaa wa maghorofa mjini Johannesburg ambako wahamiaji kutoka pembe nyingi za Afrika wamepanga vyumba, ni mithili ya daladala au matatu. Sehemu ya mafuta zinayotumia haikutoka katika kisima chochote. Ilianza kama makaa ya mawe. Kiwanda cha Sasol huko Secunda, yapata kilomita 130 mashariki ya jiji hilo, kimekuwa kikigeuza makaa kuwa petroli na dizeli tangu 1980, na ni miongoni mwa viwanda vinavyotoa hewa ya kaboni kwa wingi zaidi duniani.

Ndiyo maana wanasayansi wa Afrika Kusini, kama wenzao kwingineko, walivutiwa na mwani wa hadubini, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mapipa na madimbwi. Mwani huo hukua kwa jua, maji na kaboni ileile ya viwandani, wala haugombei shamba la mahindi. Kwa Watanzania wanaokumbuka zaidi ya hekta 8,000 za Kisarawe zilizotengwa kwa mbono wa kampuni ya Sun Biofuels, kabla ya mradi kukwama mwaka 2011, hoja hiyo ya ardhi si ndogo.

Huu si mwani unaofungwa kwenye kamba Paje na Jambiani, Zanzibar. Ule huuzwa kwa ajili ya karajinani, utomvu wa kugandishia vyakula, na mafuta yake ni haba mno. Hata spirulina ya Ziwa Nakuru, chakula cha flamingo, ina protini nyingi kuliko mafuta. Wanaotafuta dizeli huchagua aina ambazo mafuta hufikia asilimia 20 hadi 50 ya uzito mkavu. Aina hizo zikinyimwa naitrojeni huongeza mafuta, lakini hapo huacha kukua upesi.

Kukamua na kuyeyusha

Mafuta yamo ndani ya seli yenye ukuta mgumu. Njia ya kwanza inajulikana na kila mkamuaji wa alizeti: mwani mkavu hupitishwa katika kinu cha kukamulia. Lakini seli hizi ni ndogo mno, na mafuta mengi husalia kwenye mashudu.

Hapo huingia heksani, kiyeyusho kinachotokana na petroli. Huoshea mashudu, hubeba mafuta, kisha huvukizwa na kurudishwa kazini. Ni rahisi, ila hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru neva. Njia iliyo safi zaidi ni kushindilia kaboni dioksidi hadi isiwe gesi wala kimiminika. Hupenya kila mahali, na shinikizo likishushwa huruka na kuacha mafuta peke yake. Mitambo yake ni ghali. Mikrowevu, vimeng'enya na mawimbi ya sauti yasiyosikika husaidia kupasua ukuta wa seli.

Mafuta yakipatikana, huchanganywa na methanoli na kostiki. Biodizeli huelea juu, gliserini huzama.

Tatizo ni maji

Ugumu mkubwa hata hivyo huja kabla ya kinu. Katika bwawa la wazi, lita moja ya maji huwa na nusu gramu hivi ya mwani. Kwa aina yenye asilimia 30 ya mafuta, lita moja ya mafuta hudai kilo tatu za mwani mkavu, yaani kuchuja lita 6,000 za maji. Hata ukishachujwa na kuzungushwa katika mashine hadi kuwa uji mzito, kilo hizo tatu bado hubeba kilo 12 za maji. Kuyachemsha yote yakauke hula megajuli 31 hivi. Lita ya mafuta yenyewe hutoa takriban 34.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowasukuma watafiti kuacha kukausha. Mwaka 2013 maabara ya taifa ya Pacific Northwest, Marekani, ilitangaza mtambo unaopika uji wa mwani ukiwa mbichi, kwa joto la nyuzi 350 na shinikizo la angahewa 200 hivi, na kutoa mafuta ghafi kwa muda usiofika saa moja. Seli nzima hugeuka, si mafuta yake pekee.

Afrika Kusini ilijaribu njia nyingine. Kituo cha InnoVenton cha Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, Port Elizabeth, mji unaoitwa Gqeberha tangu 2021, kilichanganya mwani na vumbi laini la makaa linalotupwa migodini. Mwani hunata kwenye vumbi, mchanganyiko ukachujwa na kushindiliwa kuwa vipande, bila kukamua chochote. Vipande hivyo, vilivyopewa jina la Coalgae, vinaweza kuchomwa, au kupashwa moto bila hewa vitoe mafuta ghafi. Wakosoaji watasema makaa ni makaa, na hawakosei sana, ila mwani hapo huchukua nafasi ya sehemu yake.

Bei ndiyo iliyowashinda wengi. ExxonMobil, iliyotangaza mwaka 2009 kwamba ingetumia hadi dola milioni 600 katika utafiti wa mwani, ilijiondoa kufikia mwanzoni mwa 2023. Makampuni kadhaa yaliyobaki yaliacha dizeli yakageukia chakula cha samaki na mafuta ya omega-3, yanayouzwa katika vidonge kwa bei ambayo hakuna dereva angeilipa kwa lita ya dizeli.